Pigo Moja Bila Sarafu

Mlango wa ofisi ulipofunguliwa, fundi alikuwa amepiga magoti akikaza skrubu ya mwisho kwenye mashine ya kufulia, kwa hiyo alichoona kwanza ni viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya mtu mwingine, maana visigino vya aliyevivaa vilichungulia nyuma. Akainua macho taratibu mpaka usoni, na bisibisi ikamponyoka.

Alikuwa baba yake. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na saba.

Tajiri aliyemleta hakujua lolote. Yeye alikuwa na mashine arobaini za kufulia nguo, zile ambazo mtu anatumbukiza sarafu ndipo maji yaanze kuingia, na kwa mwaka mzima wajanja walikuwa wakifua bure mchana kweupe. Ndipo akamtafuta fundi huyu, mwanamke mwenye karakana ya chumba kimoja, aliyesifiwa kwamba anatengeneza vipokea sarafu visivyodanganyika. Lakini tajiri hakuwa mtu wa kuamini kwa kusikia. Alimwambia ataleta mtu wa kuvijaribu, akakataa kusema ni nani. Sasa ikajulikana. Ni mtu aliyetoka jela, ambaye zamani aliibia vibanda vya simu mji mzima kwa sarafu iliyofungwa uzi, mpaka jina la Uzi likamganda.

"Mtaalamu wangu huyu. Ana saa mbili," tajiri alisema akivuta kiti. "Kaunta hii ya kuhesabia sarafu ikisogea hata mara moja bila sarafu halali, mimi na wewe hatujuani. Isiposogea, kazi ya zote arobaini ni yako."

Uzi akamtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu kwenye foleni.

"Hujambo, fundi," akasema.

Shikamoo ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Fundi akaimeza. "Sijambo," akajibu, akainama kuokota bisibisi.

Angesema palepale, yangeisha. Lakini angesema nini? Kwamba mjaribuji ni baba yake mzazi? Tajiri angedhani wamepanga, na kazi ya miezi minane ingekwenda na maji. Kodi ya karakana ilikuwa imemfika shingoni, na mama yake alikuwa nyumbani na miguu iliyovimba akisubiri habari. Akajikaza, akaanza kueleza.

Maelezo yenyewe hayakuwa marefu. Sarafu ikiingia mdomoni inapita katikati ya koili tatu za waya, na koili hizo zinaipima kwa ukubwa na kwa aina ya chuma. Ikilingana na ile ya mfano, mlango mdogo unafunguka, sarafu inadondokea kwenye kisanduku, na kipokea sarafu kinatuma pigo moja la umeme kwenye waya. Waya huo ulitoka nyuma ya mashine, ukafuata ukuta, ukaishia kwenye kaunta juu ya meza, yenye namba nyekundu. Pigo moja, namba moja. Kaunta sasa ilisoma sifuri.

Jambo moja hakulieleza. Kila kinga aliyoitia humo ndani, aliitia akimfikiria mtu huyuhuyu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja alikuwa akimtazama baba mezani jikoni akitoboa sarafu kwa msumari mwembamba, akapitisha uzi, akaucheza juu na chini, naye akicheka kwa kudhani ni mchezo alioandaliwa yeye. Mwaka uliofuata askari walikuja kumchukua, na mama akabaki akidharauliwa na mtaa mzima.

Uzi alivua koti, akakunja mikono ya shati. Alianza na uzi, bila shaka. Sarafu ikazama, ikapimwa, lakini alipoivuta kuirudisha macho mawili ya mwanga yaliyofichwa kwenye njia yakaiona ikipanda, mdomo ukajifunga na king'ora kidogo kikalia. Kaunta haikusogea. Tajiri akatabasamu. Uzi hakutabasamu wala hakununa, akatoa mfukoni vipande vya bati vilivyokatwa duara. Kimoja baada ya kingine vikatemwa chini. Akajaribu madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwenye umbo la sarafu, nayo yakatemwa. Akajaribu kuzima umeme wakati sarafu iko katikati ya njia, kisha kuigonga mashine ubavuni kwa kiganja, kisha kubonyeza kitufe cha kurudisha sarafu sekunde ileile mlango mdogo unapofunguka.

Saa ya kwanza ikaisha hivyo. Fundi alisimama kando akimtazama. Alichogundua ni kwamba mzee hakumhurumia. Alifanya kazi kwa bidii kabisa, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na kila alipokwama alinyamaza kidogo akisikiliza, kama daktari aliyeweka sikio kifuani. Hilo lilimtisha kuliko vile vipande vya bati.

Akatoa kiberiti cha gesi kilichovunjwa, kikabaki kile kijiti cha kutoa cheche. Akakigusisha kwenye mdomo wa mashine, tak, tak, tak. Huo ndio ujanja uliokuwa ukimfilisi tajiri. Lakini fundi alikuwa ameuzungushia ubongo wa mashine bati lililounganishwa na waya wa ardhini, na cheche zote zikaishia humo. Sifuri ikabaki sifuri.

Zilipobaki dakika kumi, Uzi aliiacha mashine kabisa. Akaanza kuufuata ule waya kwa ncha ya kidole, kutoka nyuma ya mashine, ukutani, mpaka mahali ulipopita sambamba na waya wa umeme wa feni. Akasimama hapo.

Fundi akaona kosa lake. Karakanani waya wake ulikuwa mfupi kama mkono. Hapa waliurefusha asubuhi ile ili kaunta ikae mezani, na yeye hakufikiria. Aliulinda mdomo, akalinda tumbo, na sauti iliyotoka humo kwenda nje akaiacha uchi.

Simu ya tajiri ikaita. Akainuka, akageukia dirishani, akaanza kumfokea mtu kuhusu bomba.

"Joto," Uzi alisema taratibu, akawasha feni. Akaizima. Akaiwasha. Akaizima tena.

Namba nyekundu ikageuka. Moja.

Hakuna sarafu iliyoingia. Mota ya feni ilipokatika ilirusha mshtuko mdogo wa umeme, waya wa jirani ukaudaka, kaunta ikauchukulia kuwa pigo. Baba na binti wakatazamana. Tajiri bado alikuwa amewapa mgongo. Kisha mkono wa Uzi ukapita juu ya meza kama wa mtu anayefuta vumbi, kidole gumba kikabonyeza kitufe cha kufutia, na sifuri ikarudi.

Tajiri alipokata simu, alimkuta anashusha mikono ya shati.

"Nimeshindwa, bosi. Dakika zimebaki, lakini mashine ya huyu dada sina njia nayo."

Tajiri akacheka kwa furaha, akavuta karatasi za mkataba. Fundi alimtazama baba yake, aliyekuwa akihangaika na kifungo cha shati bila kuinua uso. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumpa tangu utotoni, na kilikuwa cha wizi. Tajiri akamsogezea kalamu.

"Hajashindwa," fundi akasema.

Tajiri hakuelewa. Fundi akamweleza yote, feni, waya, namba iliyogeuka na kidole kilichoifuta.

"Na kuna lingine. Huyu ni baba yangu. Sikujua utamleta yeye, lakini nilipomwona nilinyamaza."

Tajiri alimkodolea macho mmoja, akamhamia mwingine, akitafuta ni wapi hasa alipochezewa. Kisha akamwamuru Uzi arudie mbele yake. Feni ikawashwa na kuzimwa mara tano, na kaunta ikasogea mara mbili. Tajiri akazikunja zile karatasi, akazirudisha kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Alisema wangemwambia saa mbili zilizopita angewafukuza wote. Sasa hajui afanye nini. Alizunguka chumba mara mbili, akasema anatoa wiki mbili, na atakayejaribu safari hiyo atakuwa mtu mwingine.

Nje, kwenye ngazi, Uzi alimuuliza kwa nini amejiharibia.

"Nilitumia miezi minane kutengeneza kitu usichoweza kukidanganya," akajibu. "Ungenisaidia kudanganya, ningekuwa nimetengeneza nini?"

Mzee aliomba anwani ya karakana. Fundi akamwandikia nyuma ya risiti.

Mzee alikuja siku ya tatu na mota kuukuu ya kinu cha kusagia, aliyoiazima bila kusema wapi. Fundi hakumkaribisha ndani, alimwekea kigoda mlangoni. Alikuwa amebadilisha waya, akaweka uliovikwa wavu wa shaba, na akaifundisha kaunta kupima urefu wa kila pigo, lile fupi kama la cheche lisihesabiwe. Mzee akawasha mota na kuizima mchana kutwa, akisogea karibu zaidi kila mara. Mara moja, ikiwa imegusana kabisa na waya, kaunta iliruka. Wakarudi mwanzo bila kulaumiana.

Usiku fundi alimwambia mama yake habari za mzee. Mama akasugua miguu yake, mwishowe akauliza kama amekonda.

"Amekonda."

Mama akaomba taa izimwe.

Mjaribuji wa pili alikuwa kijana mwenye sifa nyingi, akashindwa ndani ya saa moja. Tajiri alisaini mashine kumi tu, akasema thelathini zilizobaki atazifikiria akiona kumi zimetulia. Fundi alichukua mkataba wake wa kumi, akaenda kununua waya.