Mbili Kulia

"Mbili kulia," alisema Baba, jicho lake kwenye darubini. Nikageuza skrubu ya kulengea ya bunduki yangu, tik, tik, nikapiga risasi tatu nyingine. "Tena mbili." Nikageuza. "Sasa ziko katikati. Inuka."

Mbio zangu za kwanza za kimataifa, za kuteleza kwa skii na kupiga shabaha, zilikuwa zinakaribia kuanza, pale nyumbani Otepää. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Timu ya taifa ya wakubwa ilikuwa imebakiza nafasi moja, na kocha mkuu alikwisha kusema kwamba itachukuliwa na mmoja wetu, mimi au Triinu, yeyote atakayemaliza mbele ya mwenzake. Triinu alikuwa amelala mkeka wa jirani.

"Liivika, ukikosa usijali," aliniambia. "Kwenye mzunguko wa adhabu theluji imesawazishwa vizuri."

"Kaikague basi, maana utatangulia wewe kufika."

Nilipoinuka nilichungulia darubini ya Baba, mazoea tu. Niliona ukungu. Nikazungusha pete ya lenzi mpaka karatasi ya shabaha ikatulia, na matundu yangu yote yalikuwa yamejibana kulia kabisa. Baba alikuwa ananisukuma kulekule alikopaswa kuniondoa. Nikamgeukia. Alikuwa anafunga koti, anatafuta kila kifungo kwa kidole.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilikuwa nimeyaona kiangazi kizima. Aliacha kuendesha gari jioni. Alipapasa ukingo wa mkate mweusi kabla ya kuupaka siagi. Na huyu ndiye aliyenifundisha kulenga katika msitu wa Haanja, akinitajia tundu lilipo kabla mimi sijashusha pumzi. Nilimkasirikia, kisha nikamwogopea. Tangu Mama afariki hakuwa na kazi nyingine wala hamu nyingine ila darubini ile. Kurudisha skrubu mbele ya makocha wote kungekuwa kutangaza kwamba baba yangu, mzee Endel, haoni.

Sikuirudisha.

Kwenye duru ya kwanza ya shabaha nililala kifudifudi, nikalenga vizuri kuliko siku zote, na vibao vitatu kati ya vitano vikabaki vyeusi, havikuguswa. Kila kibao kilichobaki ni mzunguko mmoja wa adhabu, unateleza bure huku wenzako wanakwenda zao. Triinu aliangusha vyote. Tulipopishana hakunitania tena, na huruma yake iliniuma kuliko utani wake. Baba alinipigia kelele kutoka nyuma ya uzio kwamba ni upepo. Bendera za upepo zilikuwa zimelala kimya kwenye vijiti vyake, na kila mtu pale alikuwa na macho.

Niliporudi kwa duru ya pili, darubini yake ilikuwa imesimama peke yake. Yeye alikuwa amepanda kwenye mteremko kabla ya uwanja wa shabaha, kando ya njia, kofia mkononi. Kocha mkuu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nadhani Baba alinitambua kwa mlio wa skii zangu, maana alianza kusema kabla sijamfikia.

"Sioni, mwanangu. Tangu theluji ya mwaka jana iyeyuke sioni vizuri. Rudisha zote nilizokupa, halafu fuata jicho lako."

Alisema kwa sauti kubwa, bila kumtazama yeyote. Kocha mkuu aliinamisha kichwa.

Nilisimama kwenye mkeka nikazirudisha tik zote nne, nikaongeza mbili za kushoto, watu wote wakiona. Nikashusha pumzi. Kisha nikapiga, na vibao vikageuka vyeupe kimoja baada ya kingine.

Nafasi ile aliichukua Triinu, na kwa haki.

Nilimkuta Baba amerudi kwenye darubini yake, uwanja umeanza kupungua watu.

"Vimeanguka vingapi?" aliniuliza.

Utoto wangu wote yeye ndiye aliyeniambia.

"Vyote, Baba."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza kupapasa miguu ya darubini ili aikunje. Mguu wa mwisho ulimsumbua sana. Nilisimama pembeni nimembebea kofia yake, nikamngoja mpaka akamaliza.