Sigara ya Mjomba

Waliohudhuria kikao cha Ijumaa, ndani ya mlima wa Potosí, walikuwa hawa: Fortunato Choquevilca, mkuu wa kikundi, Zenón Calcina, mtunza hazina, ndugu wawili, Nicanor na Wilber Ticona, wachimbaji, na Basilia Uño, mjane aliyerithi hisa ya mumewe na ambaye kazi yake ni kuchambua mawe. Alikuwapo pia Mjomba, sanamu la udongo lenye pembe, mwenye mali yote iliyo chini ya ardhi. Mjomba hana kura, lakini hajawahi kukosa kikao.

Ajenda ilikuwa moja. Bei ya zinki ilikuwa imeporomoka mwaka mzima, na mawe yaliyokuwa yakilisha nyumba tano sasa yalishindwa hata kulilipa lori la kuyashusha kiwandani. Ndugu wa Ticona walitaka kufunga. Fortunato hakutaka, kwa kuwa kanuni ya ushirika ilikuwa bayana: sehemu isiyochimbwa kwa miezi sita hupewa kikundi kingine. Mwamba ule aliuanza baba yake kwa nyundo na patasi. Kuuacha kulikuwa sawa na kumkabidhi jirani funguo za nyumba.

"Mzee, tubishane mpaka lini?" alisema Nicanor. "Tumwulize mwenyewe."

Desturi ilijulikana: sigara ikiteketea mpaka mwisho mdomoni mwa Mjomba, kuna heri, ikizimika njiani, hakuna. Wote waliafiki. Zenón aliichomeka sigara, akaiwasha, akamimina pombe miguuni pa sanamu. Kisha wakaketi wakitafuna majani ya koka, macho yote kwenye ile ncha nyekundu.

Sigara ilifika nusu, ikazimika.

Wilber alikwisha kuanza kufunga mfuko wake.

"Basi, mwenye mali amesema. Mzee, usininunie mimi, mnunie yeye," alisema.

"Hebu ngoja, mwanangu," alisema Basilia. Aliinuka, akakichomoa kile kipande, akakinusa. "Zenón, hiki ni nini?"

"Sigara, Mama."

"Ya nani? Mjomba anavuta tumbaku nyeusi, kali. Hii inanuka majani ya chai."

Zenón alijikuna shingo. "Bei imeshuka, Mama. Tuliambiwa tubane matumizi."

"Na pombe?"

"Pombe ni ileile. Nimeiongezea maji kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu."

Nicanor alicheka mpaka mwanga wa taa ya kofia yake ukawa unaruka ukutani. "We Zenón, unamnyima mtu halafu unamwomba madini? Mimi hata mama mkwe wangu nampelekea bia isiyo na maji, na yeye hana pembe."

"Hujamtazama vizuri," alisema Wilber.

Fortunato naye alicheka, ingawa alikumbuka vyema ni nani aliyeamuru matumizi yabanwe. Basilia alitoa sigara nyeusi kwenye aproni yake, akamkabidhi.

"Washa hii, Mzee."

Aliishika. Hii ingewaka mpaka mwisho. Kila mmoja alijua, na jambo linalojulikana haliulizwi. Tena hata ikiwaka, bei ya zinki haitapanda, na watoto wa ndugu hawa watataka chakula kesho. Akaiwasha, akaiweka mdomoni mwa Mjomba kwa mikono miwili.

"Hii si ya kuuliza," alisema. "Ni ya kumwomba radhi. Sasa Nicanor, niambie wewe. Unataka nini hasa?"

"Kula, Mzee. Huko Santa Cruz wameanza kukata miwa. Ila nikienda, nataka nikirudi nikute mahali pangu."

"Bei ya bati ilipoanguka zamani," alisema Basilia, "mama yangu alibaki hapa akichambua mabaki, watu wakamcheka. Bei iliporudi, walirudi kumbishia yeye hodi."

Fortunato alitafuna koka yake taratibu. Nyuma yake, sigara nyeusi ilikuwa ikiwaka vizuri. Akasimama, akavua kofia.

"Sikieni. Sehemu haifungwi. Nicanor na Wilber wataenda kwenye miwa na watarudi kabla ya sikukuu ya Kanivali. Hisa zao hazitaguswa. Mimi na Zenón tutaiacha zinki ilale, tuchimbe ule mshipa mwembamba wenye madini ya fedha, na Mama Basilia atachambua. Lori halitapanda hapa ila kwa mawe yanayojilipia. Na kuanzia leo, mahitaji ya Mjomba atayanunua Mama Basilia, si Zenón."