Mikono ya Tela la Farasi

Mjumbe hauawi, walisema wahenga, ila wahenga hao hawakuolewa na Ezra. Wangeolewa naye wangetafuta namna.

Neli alikuwa amesimama nyuma ya tela, kanga kichwani, jua la mchana likimchoma mgongo, akimsubiri mumewe azunguke amletee jibu kutoka ndani. Ndani alikuwamo baba mkwe wake, Mzee Anyelwisye, fundi wa kuchomelea anayejulikana Ipinda nzima, na kwa mila ya ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawasemeshani, hawakai pamoja. Akija njia hii, wewe unaingia migombani mpaka apite. Wengi siku hizi wameziacha hizo, na mchungaji mwenyewe alishasema kuziacha si dhambi, lakini mzee alizishika, na Neli, aliyeolewa kutoka kwa Wakisi wa ufukweni, hakutaka kusikia watu wakisema kwao hawafunzi mabinti adabu. Kwa hiyo tangu aolewe alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kwa mgongo, basi.

Hilo halikumsumbua mpaka lilipoingia hili tela.

Lilikuwa tela la farasi. Ndiyo, farasi, Kyela hapa hapa! Ezra alilinunua nyanda za juu kwa mkulima aliyekuwa anafunga shamba, akalivuta kwa pikapu hadi nyumbani, na watoto wakalikimbilia kuchungulia farasi yuko wapi. Ukutani mlikuwa na mikono ya chuma iliyotokeza, ya kuwekea matandiko ya farasi. Ezra alitaka kuikata yote apakie mpunga. Neli akamwambia, "Thubutu!" Alikuwa binti wa mfinyanzi, akaona kitu. Chungu cha Kikisi kina tako la mviringo, sakafuni hakitulii, lakini kati ya mikono miwili kama ile kinakaa kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Tangu siku ile akawa anabeba vyungu vya mama yake, Jeni, na vya wanawake wenzake wa ufukweni, anakwenda kuviuza Tukuyu na Mbeya, nao wakaachana na wachuuzi waliokuwa wakiwapangia bei kama watoto.

Sasa mikono ilikuwa imechoka. Ngozi iliyoivika ilishachanika, chuma kikabaki wazi, viungo vikalegea. Safari iliyopita vyungu vilishuka Tukuyu vikiwa vigae. Jeni hakugombana. Alisema tu, "Mwanangu, wenzangu wanakupa safari moja tena. Vikivunjika, wanarudi kwa wachuuzi, na mimi siwezi kujitenga nao." Safari hiyo moja ilikuwa Jumamosi, keshokutwa, na mikono ilishachomelewa na mzee mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kituko. Mmoja ulitazama juu, mwingine chini, na yote ilikuwa migumu kama imepigiliwa na watu wanaojenga daraja. Walijaribu chungu kimoja, wakaenda nacho mpaka mashine ya kukoboa mpunga na kurudi. Kikapasuka.

Ezra akatokea, anajifuta jasho.

"Haya, amesemaje?"

"Amesema sawa."

"Sawa nini? Nilikutuma umwambie ncha ziinuke, chungu kisiteleze. Na asikaze mno, mkono uchezecheze kidogo, maana chungu hakivunjwi na shimo, kinavunjwa na kutetemeka. Umemwambia?"

"Nimemwambia unashukuru."

"Nini?"

"Kwamba kazi inakwenda vizuri, na unashukuru. Ndaga fijo, nikamwambia."

Neli alifumba macho. Aliona akiyafumbua atamrukia mtu. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mzee ikinguruma, "Mwambie mkeo chuma changu hakijawahi kuanguka! Vyungu vyake ndivyo vibovu!"

"Anasema atajitahidi," Ezra akatafsiri.

"Nimemsikia kwa masikio yangu, Baba Lusungu! Ukuta huu ni bati, si mlima! Wewe ni mjumbe au ni mganga wa kubadilisha maneno? Mama yangu anarudi kwa wachuuzi kwa ajili ya ulimi wako!"

Ezra akatazama chini, akachora vumbi kwa kidole cha mguu. Mwanamume mzima! Neli akamtuma akanunue mpira wa ndani wa tairi wa kuvika mikono ile, alimradi tu aondoke mbele ya macho yake.

Pikapu ilipoishia, akabaki na chungu cha majaribio mikononi. Hasira ilikuwa imemjaa. Kumsemesha mkwe, hapana. Lakini hakuna mila inayomkataza mtu kusema na chungu chake.

"Wewe chungu," akaanza, kwa sauti ya kupenya bati, "pole. Kungekuwa na fundi mwenye kusikia, ungemwambia ncha ziinuke upana wa kidole, na mkono usikazwe kama unafunga geti la jela."

Nyundo ikanyamaza ndani. Neli akaanza kujuta.

"Wewe nyundo," sauti ya mzee ikajibu, "huko nje kuna chungu kina mdomo mrefu."

"Chungu, usinyamaze! Kipigwacho ni wewe!"

"Nyundo, mbona hatukuambiwa habari ya kucheza? Mjumbe alituletea shukrani tupu. Tungejua, tungetia kipande cha springi chini ya kila mkono. Zimejaa pale nyuma ya banda."

"Springi!" Neli akasahau chungu. "Hiyo ndiyo yenyewe!" Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilishamtoka, na ndani alisikia mzee naye akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Kazi yote ya wiki nzima ilikuwa imemalizwa na chungu na nyundo kwa muda wa kumenya ndizi. Ewe Ezra!

Mzee akaanza kuugonga mkono wa kwanza uachie. Aliyeyusha kiungo kwa koleo la kuchomelea, akagonga, akagonga, kisha kikasikika kishindo cha chuma kuanguka, na sauti ya maumivu.

"Ezra!" mzee akaita. "Ezra!"

Ezra alikuwa dukani. Kiwanjani hapakuwa na mtu. Neli alizunguka tela mbio, kanga ikamwanguka njiani, akaingia.

Mzee Anyelwisye alikuwa amepiga magoti. Mkono wa chuma ulikuwa umemkwaruza mguu, damu ikitoka kidogo. Koleo la kuchomelea lilikuwa limedondoka juu ya ubao, na ubao ulikuwa umeanza kutoa moshi. Na mzee alikuwa akilitafuta koleo lile kwa viganja, anapapasa sakafu, anapapasa ukuta, anapapasa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa, mbele ya magoti yake, mahali ambapo mtoto angeliona. Akainua uso. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Ezra?"

Neli alizima mashine ya kuchomelea. Akakanyaga ubao ule mpaka moshi ukafa. Kisha akachutama, akaushika mguu wa mzee, akaufunga kwa pindo la kitenge chake. Wiki nzima alimwita mzee huyu mkaidi, mzembe, kichwa ngumu, na yote aliyasema kwa moyo wote.

Mzee alivigusa vidole vya Neli, vidole vya udongo, vyenye magamba.

"Huyu si Ezra," akasema.

"Si Ezra, baba."

Nje, pikapu ikaingia uani, mlango ukafungwa. Mzee bado alikuwa ameshika vidole vile.

"Usiogope, mwanangu," akasema polepole. "Mila haijavunjika. Mimi sijakuona."

Ezra alisimama mlangoni na mpira wake begani. Aliwatazama wote wawili, rangi ikamtoka. Neli akatoka, akamvuta pembeni kwa shati.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimtukane!"

"Ningemwambiaje, Neli? Mikono yako imepinda, baba? Yeye anadhani hakuna anayejua. Kila siku ananiambia jua kali, moshi mwingi. Ningemletea maneno yako, ningekuwa nimemwambia basi, weka nyundo chini." Akauhamishia mpira bega la pili. "Nikaona afadhali nipasuliwe mimi."

Neli alikuwa na hasira bado. Usidhani iliisha. Ilibaki vilevile, ila haikuwa na pa kwenda. Akarudi mlangoni mwa tela, akampa mzee kisogo kama mila inavyotaka, akasema kwa sauti kubwa:

"Baba, mwambie mwanao avae miwani ya kuchomelea. Wewe mwelekeze, mimi nitawaambia chungu kinavyotaka."

Akamsikia akinyanyuka kwa shida, akipangusa suruali.

"Umesikia?" mzee akamwambia Ezra. "Vaa miwani. Na ukichoma kama mlevi, nitajua kwa sauti."

Walifanya kazi mpaka Ijumaa jioni. Mzee aliupapasa kila mkono kutoka shinani hadi nchani, akatikisa kichwa, akaamuru urudiwe, na Ezra akaurudia, akaungua vidole, akalalamika, na hakuna aliyempa pole.

Jumamosi wanawake walivipanga vyungu vyao wenyewe, hawakumwamini mtu. Tukuyu vilishushwa vyote, na Jeni, aliyekuja makusudi kuhesabu vigae, akakosa cha kuhesabu. Akaushika mkono mmoja wa tela, akaubonyeza, ukashuka kidogo na kurudi.

"Kazi ya nani hii?" akauliza.

Ezra alikuwa amesimama pale pale, vidole vyake vimefungwa vitambaa.

"Ya baba mkwe wangu," Neli akasema.

Na Ezra, kwa mara ya kwanza, hakuongeza wala kupunguza neno.