Moshi wa Lori la Nyuki

Mwaka ule salcâm zilikuwa na haraka. Ilarie Burcea aliiona miti hiyo ya miiba ikianza kuning'iniza vishada vyake vyeupe kando ya reli, akajua kwamba kule kusini, kwenye mchanga wa Dolj, maua yalikuwa karibu kufunguka. Na yeye bado yuko nyumbani Gorj, mizinga imejaa uani, nyuki wanahaha, na lori limezuiwa kutembea barabarani.

Kosa lake lilikuwa moshi. Breki zilikuwa nzima, taa zinawaka, kutu ilikuwa ya kiasi tu, kutu ya heshima. Lakini mkaguzi wa magari alipochomeka kipimo chake kwenye bomba la moshi na kukanyaga mafuta hadi mwisho, lilitoka wingu jeusi likamfunika yeye, mashine yake na kalenda ya watakatifu iliyotundikwa ukutani.

"Nea Ilarie," alisema kwa ile 'nea' ya kuheshimu wazee, alipomaliza kukohoa, "hili si lori. Hii ni sigara yenye magurudumu."

"Mwaka jana lilipita."

"Mwaka jana alikuwepo yule mzee aliyestaafu, mpenda asali. Mimi nina kisukari. Lirekebishe, ulilete tena."

Ilarie alirudi nyumbani polepole, mwendo wake wa siku zote, na nyuma yake foleni ya magari ikampigia honi mpaka kijijini.

Bintiye Lucreția alikuwa akimsubiri getini, mikono kiunoni. Lucreția alikuwa dereva wa basi huko Torino, Italia, na alikuwa amechukua likizo yake yote aje kumsaidia baba yake, kwa sababu huu ulikuwa msimu wa kwanza bila mama. Macho yalikuwa ya mama yake, ulimi pia wa mama yake, na Ilarie alikuwa bado hajaamua kama hilo linamfariji au linamuumiza.

"Limekataliwa?"

"Limeahirishwa."

"Baba, tuelewane. Likikataliwa tena, linakwenda kwa wakata vyuma, na mizinga anaichukua jirani Ghimpe. Mwenyewe ameshaniuliza. Huwezi kukaa msituni peke yako na magoti hayo."

"Na likipita?"

"Likipita, nitanyamaza."

"Wewe? Unyamaze? Hapo naona hata mkaguzi atalipa kiingilio."

Alitania, lakini moyoni hakuwa na utani. Bila lori hakuna salcâm, na bila salcâm hakuna nyuki, na bila nyuki yeye alikuwa mzee tu mwenye ua mkubwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejaribu kuuwazia huo ua ukiwa kimya, akashindwa.

Watu wa mjini hudhani nyuki ni viumbe wa kukaa mahali pamoja. Nyuki wa Ilarie walikuwa wasafiri. Mei walikwenda kwenye salcâm za kusini, kisha wakafuata maua ya miti ya tei kule Dobrogea, kisha mashamba ya alizeti, na vuli ikawarudisha nyumbani wakiwa wamechoka na kunenepa. Lori hilo dogo la dizeli alilinunua kwenye mabaki ya shamba la ushirika mwaka lilipovunjwa, na tangu hapo likawa nyumba yao ya kiangazi. Safta, mkewe, alikuwa akipika mămăligă, ugali wao wa mahindi, kando ya gurudumu la nyuma. Lucreția alijifunza kusoma mle kabini, kwa herufi za mfuko wa sukari.

Safta hakuwahi kujifunza kuendesha, ila dereva hasa alikuwa yeye. Alikaa mlangoni upande wake wa kulia, kioo kimeshushwa, mkono wa kulia nje, sikio kwa nyuki. Alidai mvumo wao hubadilika wakirushwarushwa, na Ilarie, ambaye alisikia injini tu, alikuwa hana budi kumwamini. Barabara ikiharibika, Safta aligonga mlango kwa nje na pete yake ya ndoa. Mara tatu, simama. Mara mbili, taratibu. Mara moja ilikuwa na maana ya "nakuona unavyosinzia, ewe mume". Pete aliivaa mkono wa kulia tangu nyuki alipomuuma kidole cha kushoto kikavimba, pete ikatolewa kwa sabuni na machozi. Pale alipokuwa akigonga, rangi ya mlango ilikuwa imekwisha kabisa, na chuma kiling'aa kwa upana wa sarafu.

Ilarie alilipeleka lori kwa Fănică, fundi aliyerithi gereji na ubishi kutoka kwa baba yake. Fănică alibadili chujio la hewa, akamwaga mafuta machafu ya injini, akafungua nozeli za dizeli akazisafisha moja moja huku akizitukana. Walipowasha na kukanyaga, ukuta wa gereji ukawa mweusi.

Fundi alijifuta uso, akakaa juu ya tairi.

"Nea Ilarie, nikuulize kitu, na usikasirike. Mara ya mwisho kukanyaga mafuta mpaka chini ilikuwa lini?"

"Nikanyage mpaka chini kwa nini?"

"Nijibu bwana."

"Sijawahi."

"Hujawahi kabisa? Maisha yote ya lori hili?"

"Nilikuwa na nyuki nyuma."

"Na ulipokuwa huna nyuki nyuma?"

Ilarie alijikuna kidevu. "Nilikuwa na mke pembeni."

Fănică alicheka, kisha akakumbuka mazishi, akaacha. "Basi ugonjwa ndio huo," alisema kwa sauti ya chini. "Injini hii imelelewa kitawa. Masizi ya safari zenu zote yamelala humo ndani, na hakuna dawa ya dukani. Lipandishe mlima Muncel kwa gia ya pili, mafuta chini kabisa, toka bondeni mpaka kwenye msalaba wa kileleni. Rudia mpaka liache kutapika. Halafu usilizime, likiwa la moto hivyo hivyo, nenda kwa mkaguzi."

Afadhali angemwambia alipige kwa shoka. Ilarie alikwenda Muncel peke yake jioni ile, akapiga moyo konde, akaingiza gia ya pili, akakanyaga. Injini ikaanza kupaza sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Nusu ya njia mguu ukanyanyuka. Akajaribu tena, ukanyanyuka tena. Hakuna aliyegonga mlango, na kichwa chake kilijua vizuri kwamba hakuna aliyegonga. Mguu ndio haukujua. Alishuka akashikilia leso yake nyuma ya bomba, ikatoka nyeusi kama mwanzo.

Asubuhi aliamka akamkuta Ghimpe kwenye uzio, anaitazama mizinga na kuhesabu kwa midomo. Ghimpe alikuwa ameshapakia ya kwake.

"Nilikuwa napita tu," Ghimpe alisema.

"Basi pita," alijibu Ilarie.

Alipogeuka, Lucreția alikuwa amesimama kando ya lori, funguo mkononi.

"Ingia upande ule," alisema. "Mimi ndiye naendesha."

"Si wewe uliyetaka lipelekwe kwa wakata vyuma?"

"Nilisema likikataliwa liondoke. Sikusema likataliwe kwa sababu mimi na wewe ni waoga. Ingia, Baba."

Akaingia kwa shingo upande, akakaa mahali pa Safta. Hakuwahi kukaa pale. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo lisilo lake, na tawi kavu la rihani alilolifunga Safta kwenye kioo lilikuwa likimpiga kidogo kwenye paji la uso. Alishusha kioo cha mlango, akatoa mkono nje kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Lucreția aliendesha kama watu wanaolipwa kuendesha. Bondeni akaingiza gia ya pili, akakanyaga mafuta mpaka chini, akauacha mguu hukohuko. Lori likanguruma, kabini ikatetemeka, rihani ikapukutika. Nyuma kukawa usiku. Ilarie aliuona mlima ukimjia, akasikia bodi tupu likirukaruka, na mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukagonga mlango. Mara mbili.

Mguu wa Lucreția ulinyanyuka papo hapo. Lori likapungua mwendo, likasimama katikati ya mlima.

"Umegonga," alisema.

"Sikukusudia."

"Na mimi sikukusudia kusimama." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. "Nilikuwa nalala hapa katikati yenu, Baba. Nikisikia zile mbili usingizini, najua Mama yuko macho, nalala zaidi. Huko Torino kuna shimo moja barabarani, kila nikilifikia na basi langu nangoja mtu agonge."

Kwa mwaka mzima Ilarie alidhani msiba ule ni wake peke yake, na sasa aliona aibu. Akamshika bega, akamtikisa kidogo, namna walivyokuwa wakimwamsha zamani wakifika msituni.

"Rudi bondeni," alisema. "Tuanze tena."

"Na huo mkono?"

"Nitaukalia."

Na kweli aliukalia. Wakapanda Muncel mpaka msalabani bila kupunguza, wakashuka, wakapanda tena. Masizi yalitoka kwa mapande, mbwa wakabweka bonde zima, na bibi mmoja, Tanti Veta, aliyekuwa ameanika mashuka, alitoka mbio akayavuta kwenye kamba, akawatukana wao na babu zao mpaka walipopotea kwenye kona. Ilarie alitazama nyuma kwenye kioo cha pembeni. Katika wingu lile kulikuwa na Dobrogea, na mwaka wa mvua ya mawe, na ile siku walipolala mtoni kwa kuwa daraja lilichukuliwa na maji, na Safta akaimba mpaka asubuhi ili mtoto asiogope. Safari zao zote zilikuwa zinatoka kwenye bomba na kupotea juu ya mashamba ya watu. Iliuma. Aliubana mkono chini ya paja akaacha zitoke.

Walipopanda mara ya mwisho, nyuma yao palikuwa na vumbi tu na ukungu mwepesi wa kijivu.

Mkaguzi alivaa glavu, akarudi hatua kadhaa nyuma kwa tahadhari, kisha akamwambia kijana wake akanyage. Injini ikapanda hadi mwisho, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kalenda ya watakatifu haikutikisika. Mkaguzi aliisoma mashine, akaigonga kwa kidole, akaisoma tena.

"Limepita," alisema. "Chupuchupu, lakini limepita. Mmelifanya nini?"

"Tumelipeleka kuungama," alijibu Lucreția.

Ilarie alikwenda nyuma ya lori, akainama kana kwamba anakagua tairi, akalia kidogo kwa furaha.

Waliondoka alfajiri, Lucreția kwenye usukani, mizinga imefungwa milango na kukazwa kwa kamba. Walipompita Ghimpe uani kwake, injini ya lori lake yeye inakohoa, Lucreția alimpungia mkono kwa adabu kubwa mno. Kwa kuwa alikuwa ameahidi kunyamaza, alinyamaza mpaka wakavuka mji wa Târgu Jiu, jambo ambalo Ilarie aliliona kuwa muujiza wa pili.

Mwendo ulikuwa taratibu, wa nyuki. Kisha, baada ya kijiji kimoja, pale lami ilipoanza kuwa na viraka, lori likaongeza kasi. Ilarie akageuka amkemee. Msichana aliyezaliwa kati ya mizinga, dereva wa kulipwa, hajui kwamba hapa hapaendeshwi hivi? Midomo ikiwa wazi, akaona kwamba Lucreția haangalii barabara peke yake. Kila mara alikuwa akiutupia jicho mkono wa baba yake, ule uliokuwa nje ya dirisha.

Kwa hiyo alikuwa anangoja.

Ilarie alipapasa mlango kwa nje mpaka vidole vikapata ile sehemu isiyo na rangi. Chuma kilikuwa baridi na laini. Pete hakuwa nayo mkono huo, ikabidi atumie kifundo cha kidole, na mlio haukuwa ule, ulikuwa wa mfupa, mzito zaidi. Aligonga mara mbili.

"Taratibu," alisema.

Lucreția alipunguza mwendo. Nyuma yao nyuki walikuwa wakivuma, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue lori lile, kwa kuwa alikuwa amekaa mahali pa Safta, sikio dirishani, Ilarie akawasikia.