Tupa ya Jumamosi

Mazimwi wana aibu kuliko mnavyodhani. Mnawasikia kwenye hadithi wakinguruma na kufukuza watu, basi mnafikiri wote ndivyo walivyo. Hawa wangu walikutana kila Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha saluni, nguo safi, kikombe cha chai mkononi, wakisaidiana kutokula watu. Kazi hiyo si mchezo, na msicheke.

Mwenye saluni ndiye mkubwa wao, wote wakimwita Shangazi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Meno ya zimwi hurefuka akiwa na uchu, kwa hiyo walikaa wawili wawili, huyu akaachama, yule akamsawazisha meno kwa tupa. Haikuwauma hata chembe. Na hakukuwa na kudanganyana, maana mwenzako akichungulia mdomoni anaona wiki yako ilikwendaje.

Dobi ndiye aliyekuwa mfano wao. Mwanamke mpole, kutwa anapiga pasi mashati yenye harufu za watu, na hata mate hayamtoki. Aliolewa na seremala, binadamu mtupu, ambaye hakujua hili wala lile. Alijua tu kwamba mkewe akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, akaona ni haya, akazidi kumpenda. Walikuwa na binti wa miaka saba ambaye baba yake alimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa kuwa kutwa alishinda karakanani akikimbia juu ya mbao.

Jumamosi moja Dobi alifika saluni uso umemshuka. Chai hakuigusa. Alisema mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele, na yanayoota mahali pake ni makubwa, kingo zake zina vijino vijino kama msumeno. Mlinzi wa benki, ambaye ndiye mwenzake wa tupa, aliuliza kama mtoto amewahi kuuma mtu. Dobi akakiri kwamba alishamuuma mwenzake shuleni, wakigombea penseli.

Nyinyi mmeshajua meno yale ni nini, na mnataka kupiga kelele. Lakini wao wangejuaje? Zimwi huzaliwa na meno yake yote na huzikwa nayo. Randa alizaliwa kibogoyo, mama yake akashukuru, na sasa alidhani damu ya zimwi ilichelewa tu. Na kanuni ya kwanza ya Shangazi ilikuwa kutowatazama watoto wa watu, si mdomo, si shavu, si popote penye nyama laini. Waliishika kanuni ile kufa na kupona, hivyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtoto wa binadamu akiota meno mapya. Wema wao ndio uliowaponza, na mimi hasira zangu ziko hapo hapo.

Shangazi alimshika Dobi mkono. Akamwambia amuwahi binti kabla hajaonja, maana yeye alichelewa kwa mwanawe, na watu wakamuua. Alisema kwa upendo. Wote walisema kwa upendo.

Basi Jumatatu, baba yuko kwa mteja, Dobi alichukua tupa ndogo ambayo seremala hunolea misumeno, akamketisha Randa bafuni juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwambia aachame. Mtoto aliachama bila kuuliza. Si ni mama? Tupa ilipogusa, alishtuka mwili mzima. Dobi alidhani ni woga. Akapiga moyo konde, akaendelea hadi vile vijino vikaisha, mtoto analia na yeye analia. Kisha akamwambia hii ni siri yao wawili. Wiki iliyofuata akamketisha tena, kwa sababu aliona meno yamerefuka. Masikini, yalikuwa yanaota tu.

Mtoto akaanza kukataa maji ya baridi. Akawa anatafunia upande mmoja, kisha hatafuni kabisa. Seremala hakungoja, alifunga karakana, akawachukua wote wawili hadi kwa daktari wa meno.

Daktari alimulika, akatazama sana, akazima taa. Alisema meno ya ukubwani ya kila mtoto huja na kingo za msumeno, kisha hulainika yenyewe kwa kutafuna. Haya yamekatwa kwa tupa, karibu ifike kwenye mshipa, na meno ya mtu yakishakatwa hayarudi. Akauliza nani kafanya.

Dobi alisikia neno moja tu, kila mtoto. Binti yake ni mtu, mtu kamili. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha akaikumbuka tupa. Kabla hajafungua mdomo, Randa alisema ni yeye mwenyewe, alichezea tupa ya baba.

Nje ya chumba cha daktari, kwenye benchi la ukumbini, seremala alimgeukia binti yake. Hakuwahi kumfokea mtoto yule. Sasa alimwambia kuanzia leo hakanyagi karakana, hata mlangoni haji. Karakana ndiyo ilikuwa dunia nzima ya Randa. Mtoto aliinamisha kichwa, akakubali. Hakumtazama mama yake hata kidogo.

Dobi angeweza kunyamaza. Nyumba ingebaki, ndoa ingebaki. Ilikuwa ni kufumba mdomo tu, na kazi hiyo aliizoea kuliko pasi.

"Mwache mtoto," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini?"

"Nilidhani amenirithi, baba Randa."

Kwa mara ya kwanza hakufunika mdomo, akaachama mbele ya mumewe. Seremala ni mtu wa vyuma na mbao, alama ya tupa hawezi kuikosea. Aliiona, mistari juu ya mistari, ya miaka na miaka, jino hadi jino, mpaka kwenye magego.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla yako. Sijawahi kumgusa mtu. Sijawahi."

Seremala hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimnyanyua binti yake taratibu, akamhamishia upande wake wa pili, akabaki yeye katikati.

Randa alichungulia nyuma ya mgongo wa baba, akamtafuta mama yake kwa macho, akamtabasamia. Kisha akakumbuka meno yake, akafunika mdomo kwa kiganja.