Familia Isiyo na Mikono

Bi Najiat alitoka Tabora mjini hadi kwetu Goweko kuichukua picha yangu ya kwanza kwa ajili ya maonyesho. Niliichora nikiwa na miaka kumi na tisa, juu ya kipande cha silingibodi, ubao wa dari, kwa rangi aliyobakiza jirani. Hakuna aliyenifundisha. Baba, mama, dada yangu Advera na mimi tumesimama mstari mmoja, mikono yote nyuma, kama watuhumiwa.

Mgeni akauliza kwa nini hatuna mikono. Kabla sijafungua mdomo baba akadakia kwamba nilikuwa bado najifunza, mikono ilinishinda. Kila anayeingia sebuleni humwambia hivyo, maana ndivyo nilivyomwambia mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka ishirini na tano. Mikono haikunishinda hata kidogo. Mwaka ule nilimtaka Magreth, binti wa mwalimu mmoja wa Kipalapala, na picha ilikuwa itangulie kwao kabla ya wazee kwenda kuposa. Ilikuwa msimu wa kuchuma tumbaku. Utomvu wake ulikuwa umeganda kwenye vidole vya mama, mweusi kama lami, nami nikaona haya kuupeleka kwa mwalimu. Kuficha mikono ya mama peke yake kungezua maswali, basi nikaficha ya wote. Magreth mwenyewe akaolewa na mwingine.

Asubuhi ya kuchorwa mama alisugua mikono kwa limau na mchanga, akaja kusimama ameifumbata mbele. Nikamwambia airudishe nyuma. Akairudisha bila kuuliza.

Bi Najiat alipotoka kutafuta kamba ya kufungia picha, baba alinisogelea. Mama tulimzika miaka minne iliyopita.

"Raymundi, sasa mikono unaiweza," akasema. "Kabla picha haijaondoka, mchoree mama yako ya kwake. Ndiyo ninayoikumbuka zaidi."

Nikachukua penseli, nikakaa mbele ya picha. Vidole vyake vilikuwa virefu au vifupi? Alikuwa na kovu? Sikukumbuka kitu ila weusi ule. Mikono iliyonilisha, na sikuwahi kuitazama ila kwa kuionea haya. 

Ikabidi nimuulize baba ilikuwaje. Akaanza kunielekeza, kidole kimoja baada ya kingine.