Mkate wa Mjomba Nusen

Hata leo nikimkumbuka mjomba Nusen akitafuna, natema mate. Ptuu! Mwaka ule wa kwanza baada ya vita, kila Jumamosi alikaa mezani kwetu hapa mjini Lodzi, Polandi, akinyonya vichwa vya samaki mpaka macho, vidole viking'aa mafuta. Mama alimwekea minofu mizuri kuliko yetu. Kisa? Hadithi moja tu.

"Hebu niambie tena, Nusen," Mama alikuwa akimwomba.

"Nilimwona kwa macho yangu haya, dada. Lajzer alipanda treni ya wafanyakazi, mzima wa afya. Akanipungia mkono."

Lajzer ni baba yangu. Siku za msako kule geto, mtaa Wajerumani waliotufungia sisi Wayahudi, alijificha kwenye stoo ya makaa ya mtaa wa pili, tukaambiwa Wajerumani wamemchukua. Mjomba alikuwa polisi wa geto, Myahudi aliyepewa kofia na rungu awachunge Wayahudi wenzake, kwa hiyo tulijua ameona mengi, tukamwamini. Mama akawa anazipaka mafuta buti za Baba, na kila Ijumaa anakwenda ofisi ya kamati ya Wayahudi kusoma majina ya waliorudi, yaliyobandikwa ukutani. Mshumaa wa marehemu hakuwahi kumwashia. Utamwashiaje mtu aliye hai?

Basi nikajifungua mtoto wa kiume. Siku ya nane akaja ngariba, na Mama akashikilia kwamba heshima ya kumpakata mtoto apewe kaka yake. Bwana mkubwa alikuwa keshakunywa vodka tangu asubuhi. Akakaa na mwanangu mapajani, machozi ya ulevi yanamtiririka. Ngariba akamaliza kazi yake, akanyanyua kikombe cha divai, akamuuliza mume wangu Srul, "Jina lake nani?"

Tulikuwa tumekubaliana Wolf, jina la marehemu baba mkwe. Srul akaangua kilio kabla hajalitaja. Mjomba akadakia, "Lajzer! Mpeni Lajzer, masikini. Naye apate wa kumrithi jina."

Kwetu mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai. Ni kumchimbia mwenzio kaburi. Nusen alilijua hilo tangu utotoni. Vodka ilimponza.

"Lajzer yu hai," Mama akasema.

Mjomba akainamisha kichwa.

"Nusen! Si ulisema alikupungia mkono?"

"Dada, kila askari aliambiwa alete mtu mmoja. Mmoja tu! La sivyo wangemchukua Rojza, mke wangu. Ningefanyaje? Na mimi nilijua yuko stoo." Akajifuta machozi. "Walimpiga risasi palepale uani."

Nikampokonya mwanangu. Nguo za mtoto zilikuwa zinanuka jasho la yule mtu. "Mbwa wewe! Miezi kumi unakula hapa, unajilamba vidole, unamdanganya mjane!" Kikulacho ki nguoni mwako, ati. Chetu sisi tulikikaribisha mezani.

"Nyamaza, Fajga," Mama akaniambia. Alikuwa mtulivu mno. "Nusen, ilikuwa siku gani? Nataka kumwashia mshumaa."

"Jumamosi. Ishirini na tatu ya mwezi wa Eluli."

Mama akawaza. "Jumamosi ile ndiyo uliyotuletea mkate."

Mjomba akajifuta vidole kwenye suruali.

"Mkate mzima, Nusen, na watu wanakufa njaa. Uliutoa wapi?"

"Kila aliyeleta mtu alipewa mmoja," akanong'ona. "Haki ya Mungu sikuuonja, dada. Wote niliwaletea ninyi."

Mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ngariba bado alikuwa ameshika kikombe chake.

"Lajzer," nikamwambia ngariba. "Mwite Lajzer."

Mkate ule naukumbuka. Ulikuwa bado na joto. Tuliula mimi na Mama huku tukimwomba Mungu ampe Nusen maisha marefu, kisha nikalowesha kidole kwa mate, nikaokota makombo yote mezani, nikayala.